Bahari ipi, saa ngapi, papa gani: kuielewa hatari inayowakabili wapanda mawimbi

Msimu wa wageni ukikolea, kuanzia Juni hadi Oktoba, Arusha hupokea watu ambao safari yao ina vipande viwili: wanyama kwanza, bahari baadaye. Wanatoka Serengeti na vumbi lao, wanalala mjini usiku mmoja, kesho yake ndege ndogo ya uwanja wa Kisongo au kubwa ya uwanja wa Kilimanjaro, KIA, inawapeleka Unguja. Baadhi yao wana mfuko mrefu uliofungwa juu ya Land Cruiser. Ndani mna ubao wa kupandia mawimbi, au kaiti iliyokunjwa, ile tiara kubwa inayomvuta mtu juu ya maji kwa upepo. Hapo ndipo dereva, ambaye kwa siku sita amejibu maswali ya simba bila kutafuta maneno, hutupiwa swali lisilo la mbuga yake: huko Zanzibar kuna papa?

Vijiweni majibu huwa mawili. "Hakuna papa, amani tu." Au kinyume chake, kisa cha jamaa aliyeng'olewa mguu huko pwani, kisa ambacho kila anayekisimulia alikisikia kwa mwingine. Siku hizi limezuka jibu la tatu, la kisomi. Karibu na Mnara wa Saa nilimsikia kijana mmoja akimweleza dereva mwenye mvi, "Mzee wangu, papa anaua watu wachache kuliko nazi. Ipo mtandaoni." Mzee akacheka. "Mwanangu, mimi nimekulia Pangani, nazi naijua. Hiyo hesabu aliifanya nani?"

Swali zuri, na jibu lake linafika mbali kuliko nazi yenyewe.

Mwaka 1984 daktari Peter Barss alichapisha uchunguzi wa majeruhi waliolazwa kwa miaka minne katika hospitali ya mkoa ya Alotau, Papua New Guinea. Aligundua kwamba asilimia 2.5 ya waliolazwa kwa majeraha waliangukiwa na nazi. Basi. Hakuhesabu vifo vya dunia nzima, wala papa hakuwa mada yake. Kazi hiyo ilimpatia baadaye tuzo ya utani ya Ig Nobel, mwaka 2001, na haukupita muda ikaanza kuzunguka namba ya watu 150 wanaouawa na nazi kila mwaka duniani, ikiwekwa kando ya papa ili papa aonekane mpole. Hesabu iliyoizaa namba hiyo haijawahi kuonyeshwa na mtu yeyote. Imerudiwa tu mpaka imeota mizizi.

Lakini hata ingekuwa kweli, isingetusaidia. Mamilioni ya watu hupita chini ya minazi kila siku ya Mungu, wakienda sokoni, shuleni, msikitini. Wanaokaa juu ya ubao mita mia moja kutoka ufukweni, miguu ikining'inia majini, ni wachache mno. Kulinganisha vifo vya kundi kubwa na vya kundi dogo, kisa namba moja imezidi nyingine, ni kumdanganya anayetaka kuingia majini.

Namba zenye mwenyewe zipo. Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la Florida, Marekani, hutunza jalada la kimataifa la mashambulizi ya papa ambalo lilianzishwa mwaka 1958. Watunzaji wake hutenganisha matukio mawili: mtu aliyemchokoza papa, kama mvuvi anayemtoa kwenye ndoana au mzamiaji anayemlisha, na mtu aliyekuwa akifanya mambo yake. Kwa hao wa pili, mwaka 2022 kulikuwa na matukio 57 duniani kote na vifo 5. Mwaka 2023 yalikuwa 69, vifo 10. Mwaka 2024 yakashuka hadi 47, vifo 4. Mwaka huhesabiwa mbaya vifo vikifika kumi, na hapo tunasema dunia nzima. Linganisha na maji yenyewe: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Wengi huishia hapo na kufunga mada. Mimi naona hapo ndipo inapoanza, kwa sababu ukichambua walioumwa unakuta jambo. Wapanda mawimbi na wenzao wa mbao walikuwa asilimia 42 ya walioumwa mwaka 2023, na asilimia 34 mwaka 2024. Namba hubadilika mwaka hadi mwaka, lakini kundi hili dogo halikosi kuchukua fungu lisilolingana na ukubwa wake. Mwaka 2023 vifo vitatu vilitokea katika jimbo moja tu, Australia Kusini, na wote watatu walikuwa wapanda mawimbi.

Kwa hiyo ule wastani wa dunia, "mtu mmoja kati ya mamilioni", umegawanywa kwa binadamu wote, akiwemo bibi wa Marangu ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyavuka ni mfereji unaopita kihambani kwake. Hatari ya bibi ni sifuri. Ya kijana anayekaa juu ya ubao kila alfajiri kwenye pwani fulani ya Australia si sifuri. Ukizichanganya hatari hizo mbili ukatoa wastani, unapata namba isiyomhusu hata mmoja wao.

Waongoza watalii wa kwetu wanalijua hili bila takwimu. Muulize mmojawapo kiboko ni hatari kiasi gani, hatakupa asilimia. Atataka kujua ni saa ngapi na wewe umesimama wapi. Kiboko aliye majini saa sita mchana, na wewe uko ndani ya gari, ni picha ya kupeleka nyumbani. Kiboko huyohuyo alfajiri, anarudi kutoka malishoni, na wewe umesimama kati yake na maji, ni habari nyingine kabisa. Papa naye anaulizwa hivyohivyo.

Mpanda mawimbi anakaa mahali gani

Mtu akitazama picha za mchezo huu huona dakika zile za kusimama na kuteleza. Ukweli ni kwamba muda mwingi mpanda mawimbi hapandi chochote. Amelala kifudifudi anapiga makasia kwa mikono, au amekaa juu ya ubao anasubiri. Mawimbi mazuri huvunjika penye mwamba, kwenye fungu la mchanga, au karibu na mdomo wa mto, na hapohapo ndipo samaki wadogo hukusanyika na wakubwa huwafuata. Saa wanazozipenda ni alfajiri na jioni, upepo ukiwa umetulia, na saa hizo papa wengi huwa mawindoni. Mpanda mawimbi hakufuatwa nyumbani kwake. Yeye na papa wanapenda mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Mara nyingi hakitokei kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California kilichoko Long Beach walirusha droni juu ya fukwe za kusini mwa California kwa miaka miwili, wakachapisha waliyoyaona mwaka 2023. Katika sehemu mbili ambazo papa weupe wachanga hupenda kukaa, karibu kila siku waliyopiga picha, asilimia 97, watu na papa walikuwa katika maji yaleyale. Wapanda mawimbi walikuwa miongoni mwa waliokuwa karibu nao zaidi. Papa walipita chini yao wakaenda zao, na waliokuwa juu hawakujua. Ningekuwa mimi, nisingetaka kuonyeshwa hiyo video kabla ya kuingia majini, lakini ni ushahidi mzito kuliko visa vyote vya vijiweni.

Na inapotokea, si kila kuumwa ni kuraruliwa. New Smyrna Beach huko Florida ni miongoni mwa fukwe zinazoongoza duniani kwa matukio, na vifo ni nadra mno pale. Maji yana tope, samaki wadogo ni tele, na papa wadogo wenye ncha nyeusi kwenye mapezi huwakimbiza mpaka kwenye povu la mawimbi. Unyayo mweupe ukipita mbele yao ghafla, wanauuma, wanagundua si samaki, wanaachia. Mtu anatoka na nyuzi kadhaa mguuni na hadithi ya maisha.

Papa watatu kati ya mia tano

Aina za papa zinazojulikana zinazidi 500. Wengi ni wadogo kuliko mtu wala hawana haja na wewe. Mkubwa kuliko wote, papa shilingi, yule mwenye madoadoa ambaye wageni hufuata Mafia kuogelea naye, hula viumbe vidogo vya majini anavyovichuja kwa mdomo wazi. Vifo karibu vyote vinatokana na aina tatu.

Wa kwanza ni papa mweupe, mwindaji wa sili, wale wanyama wa baharini wenye mapezi, kwenye maji ya baridi ya Afrika Kusini, Australia na California. Wa pili ni yule mwenye milia ubavuni, wa maji ya joto, mla kasa na karibu kila kinachoelea. Ni yeye aliyemng'oa mkono wa kushoto mpanda mawimbi Bethany Hamilton huko Kauai, Hawaii, tarehe 31 Oktoba 2003, akiwa na miaka 13. Hata mwezi haukuisha, Bethany alikuwa amerudi kwenye mawimbi.

Wa tatu ndiye wa kutusimamisha sisi wa Afrika Mashariki na Kusini. Afrika Kusini humwita papa wa Zambezi, kwa sababu hupanda mito. Figo zake na tezi ya chumvi iliyo karibu na mkia hurekebisha mwili anapotoka maji ya chumvi kuingia maji baridi, jambo ambalo papa wengi likiwapata hufa. Ameonekana kwenye mto Limpopo mamia ya kilomita kutoka baharini, na anajulikana sana katika Ziwa Nicaragua. Hupenda maji ya kina kifupi yenye tope, midomo ya mito hasa baada ya mvua, na mahali kama hapo macho hayamsaidii sana.

Hilo la macho linatuleta kwenye maelezo yanayopendwa kuliko yote: papa humuuma mpanda mawimbi kwa kudhani ni sili. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, waliijaribu dhana hiyo. Walipiga video kutoka chini ya maji ya sili, ya waogeleaji na ya watu wakipiga makasia juu ya mbao, kisha wakazichuja picha hizo kwa namna jicho la papa mweupe mchanga linavyoona, bila rangi na bila undani. Matokeo: kwa jicho hilo, mtu juu ya ubao na sili hawatofautiki. Mwaka 2024 baadhi yao walichapisha matokeo ya jaribio la Mossel Bay, Afrika Kusini, ambako walikokota sanamu za sili zenye taa tumboni. Taa kali zilipovunja kile kivuli cheusi kinachoonekana kutoka chini, papa weupe walipunguza kuzishambulia.

Nakubali ushahidi huo, ila kwa mpaka wake. Unamhusu papa mweupe, tena zaidi yule anayejifunza kuhama kutoka kula samaki kwenda kula wanyama kama sili. Haumwelezi papa wa Zambezi kwenye maji ya tope, wala yule wa milia anayejaribu kila kitu. Wapo pia wataalamu wanaosema papa mweupe hakosei bali anachunguza, na kwa kuwa hana mikono, huchunguza kwa meno. Kwa aliyeumwa tofauti ni ndogo. Kwa anayetengeneza vifaa vya kujikinga ni kubwa, kwa sababu taa haitamsaidia mtu pale ambapo papa anawinda kwa pua na kwa umeme.

Ndiyo, umeme. Kwenye pua ya papa kuna vitundu vilivyojaa ute ambavyo Mwitaliano Stefano Lorenzini alivieleza mwaka 1678, bila kujua kazi yake. Leo inajulikana kwamba hunasa umeme mdogo unaotoka kwenye misuli ya kiumbe hai kilicho karibu. Kuhusu damu, ile habari ya papa kunusa tone moja kutoka kilomita kadhaa ni chumvi iliyozidi. Harufu husafiri na mkondo, na ni lazima imfikie ndipo ainuse. Samaki anayevuja damu kwenye kamba ya mvuvi jirani yako ni tatizo zaidi kuliko mchubuko wa goti lako.

California ilishuka, Réunion ikapanda

Sasa mfano unaobeba makala yote. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Francesco Ferretti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliangalia pwani ya California kuanzia 1950 hadi 2013. Idadi ya matukio ya papa mweupe ilikuwa imeongezeka. Magazeti yangeishia hapo. Wao waligawanya kwa idadi ya watu walioingia baharini, ambayo nayo ilikuwa imefumuka, wakakuta hatari kwa mtu mmoja mmoja imeshuka kwa zaidi ya asilimia 91. Kisha wakasema jambo la kumfaa mpanda mawimbi kuliko katazo lolote: katika wilaya ileile ya Mendocino, anayeingia majini Machi hatari yake ni ndogo kwa zaidi ya mara 20 kuliko anayeingia Oktoba na Novemba. Bahari ni ileile na papa ni yuleyule; kilichobadilika ni mwezi.

Geukia upande wetu. Réunion ni kisiwa cha Ufaransa mashariki ya Madagaska, ndani ya Bahari ya Hindi hiihii inayopiga Tanga. Kilikuwa kituo kinachoheshimika cha wapanda mawimbi. Kuanzia 2011 mambo yakaharibika: hadi 2019 watu 11 walikuwa wameuawa na papa, wengi wakiwa wapanda mawimbi, na mshukiwa mkuu alikuwa papa wa Zambezi. Julai 2013 serikali ilipiga marufuku kuogelea na kupanda mawimbi nje ya maji yaliyozingirwa na mwamba na sehemu zenye ulinzi. Shule za mchezo huo zikafungwa, na vijana waliokulia juu ya mbao wakahamia nchi nyingine au wakaingia kwa kuiba. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikadiria kwamba hatari kwa mpanda mawimbi kisiwani pale ilipanda mara 23 kati ya 2005 na 2016.

Kwa nini? Hapa kila kundi lina mshtakiwa wake. Wapanda mawimbi na wavuvi wengi huilaumu hifadhi ya bahari iliyoanzishwa pwani ya magharibi mwaka 2007, wakisema imekuwa ghala la chakula la papa. Wengine hutaja katazo la kuuza nyama ya papa lililowekwa mwaka 1999 kwa hofu ya sumu, ambalo liliwaondolea wavuvi sababu ya kumfuata. Wanamazingira hunyoosha kidole nchi kavu: ujenzi, wingi wa watu, na miradi ya kuhamisha maji kutoka mashariki yenye mvua kwenda magharibi pakavu, vyote vikipeleka tope na maji baridi pwani na kuifanya bahari impendeze papa wa Zambezi. Utafiti ule wa 2018 haukumpata mkosaji mmoja. Ulionyesha mambo mengi yakikutana. Mimi nashuku upande wa nchi kavu umepewa lawama ndogo kuliko unavyostahili, kwa sababu hifadhi ina kibao na mkurugenzi wa kulaumiwa, na tope halina mtu.

Weka pwani hizo mbili pamoja uone lile jibu la nazi linavyokosa pa kushika. Ukimwambia mtu wa Réunion mwaka 2015 kwamba hatari ya papa duniani ni ndogo, umesema kweli, na bado hujamsaidia kitu.

Na huku kwetu?

Papa wapo katika maji ya Tanzania, aliye na shaka aende soko lolote la samaki la pwani. Papa mkavu na mchuzi wake ni chakula cha kawaida Unguja na Pemba, na kwa hesabu ya nani anamla nani, sisi tuko mbele sana. Dunia nzima iko hivyo: papa na samaki aina ya taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970, na makadirio ya 2019 ni papa milioni 80 waliokufa mikononi mwa uvuvi kwa mwaka mmoja.

Anayekwenda Paje na kaiti yake ana kinga aliyoikuta pale. Pwani ya mashariki ya Unguja ina mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi mbali na ufuko, na maji ya ndani yake yakipwa hufika magotini au huisha kabisa. Wacheza kaiti huwa humo, kwa upepo wa kusi katikati ya mwaka na wa kaskazi kuanzia Desemba. Papa mkubwa hana sababu ya kuja kujikwamisha humo. Wanaoumia Paje huumia kwa mwamba wenyewe, kwa vile viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu, kwa jua, na kwa kamba ya kaiti iliyomzunguka mtu vibaya. Anayevuka mlango wa mwamba kwenda nje kutafuta wimbi kubwa amebadilisha bahari, na kabla ya papa amfikirie mkondo wa maji yanapopwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida.

Mahali ambapo nisingemshauri mgeni wala mwenyeji ajaribie ubao ni midomo ya mito wakati wa masika: Rufiji, Wami, Pangani. Huo wa mwisho maji yake yanatoka huku kwetu, kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, yanakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu kisha yanashuka hadi baharini. Mvua kubwa ikinyesha huku juu, kahawia yake inafika pwani. Maji ya namna hiyo ndiyo anayoyapenda papa wa Zambezi, na mtu aliye ndani yake hawezi kuona hata magoti yake.

Kijana wa Moshi au Arusha anayepata nafasi ya kusoma au kufanya kazi Afrika Kusini anakutana na mfumo tofauti, na ni vizuri aujue kabla hajaufikia ufuko. Durban waliweka nyavu mwaka 1952. Pwani za kusini ya hapo, kati ya Desemba 1957 na Aprili 1958, mashambulizi yalifuatana mpaka watalii wakakimbia, na mwaka 1964 ikaundwa bodi ya mkoa ya kushughulikia papa. Watu wengi hudhani nyavu zile ni ukuta. Si ukuta: papa anaweza kupita juu yake au kuzizunguka pembeni, na baadhi hunaswa wakiwa wanatoka ufukweni. Zinafanya kazi kwa kuvua, yaani kwa kupunguza papa walioko karibu, na humo hunaswa pia kasa na pomboo. Ndiyo maana zinapingwa.

Cape Town walichagua macho. Tangu 2004 kuna walinzi wanaokaa mlimani juu ya ufuko wa Muizenberg na darubini, na bendera hutoa habari. Kijani, maji yanaonekana vizuri na papa hajaonekana. Nyeusi, maji ni meusi kiasi kwamba mlinzi hawezi kukuahidi kitu. Nyekundu, kuna tahadhari. Nyeupe yenye picha ya papa, pamoja na king'ora: toka sasa hivi. Naipenda ile nyeusi kuliko zote, kwa sababu ni nadra kukuta mamlaka inayopandisha bendera kusema haioni.

Ajabu ni kwamba papa weupe wenyewe wametoweka kwa kiasi kikubwa katika ghuba ile ya Muizenberg, iitwayo False Bay, miaka ya karibuni. Nyangumi wauaji wawili, waliopewa majina Port na Starboard, walianza kuonekana pale mwaka 2015, na mizoga ya papa imekutwa imepasuliwa na maini yametolewa. Wengine wanaulaumu zaidi uvuvi. Kwa vyovyote, ramani ya hatari ya miaka kumi iliyopita si ya leo.

Vifaa vya kujikinga vinauzwa kila mahali na vingi ni biashara ya hofu. Jaribio la Chuo Kikuu cha Flinders la 2018 liliweka vifaa vitano mbele ya papa weupe huko Australia Kusini. Kimoja, kinachotoa umeme kutoka kwenye ubao, kilipunguza mara ambazo papa alikiuma chambo kutoka asilimia 96 hadi 40. Bangili ya sumaku na nta yenye harufu hazikuonyesha tofauti ya maana. Na hata hicho bora, asilimia 40 si sifuri. Anayekifunga kisha akaingia mahali ambapo asingeingia bila hicho amejirudisha alipoanzia.

Mengine ni bure. Usiingie peke yako. Toka majini ndege wakianza kupiga mbizi na samaki kurukaruka mbele yako, au wavuvi wakisafisha samaki jirani. Epuka maji ya tope, na zile saa za mwanga hafifu kama pwani hiyo ina historia. Waulize wavuvi wa pale, na waulize vizuri, kwa salamu na bila haraka; wanajua ni mwezi gani papa huingia, na hawaandiki popote.

Papa akija kweli, usimpe mgongo, weka ubao kati yako naye. Julai 2015 Mick Fanning wa Australia alivamiwa na papa katikati ya fainali ya mashindano huko Jeffreys Bay, Afrika Kusini, dunia ikitazama moja kwa moja. Alipiga ngumi na kujikinga kwa ubao. Kamba ya mguuni ikakatika, yeye akatoka bila jeraha, na mpinzani wake Julian Wilson alikuwa tayari anapiga makasia kumwendea.

Wanaokufa, wengi huuawa na damu kutoka, mara nyingi mguuni, kabla hospitali haijafikiwa. Kwa hiyo mwenzako wa ufukweni ndiye daktari wa kwanza. Utafiti wa Australia wa mwaka 2021 ulipima njia mbili za kuzuia damu ya mguu: kufunga kwa kamba ya ubao, na kukandamiza kwa ngumi. Ngumi ilishinda kwa mbali. Mlaze majeruhi chali mchangani, kunja ngumi, iweke kinenani katikati ya mfupa wa nyonga na sehemu za siri, upande wa mguu ulioumia, kisha egemeza uzito wako wote bila kuachia huku mwingine akipiga simu. Mkiwa bado majini, au kama mpo wawili tu na mmoja lazima akimbilie msaada, kamba ifungwe juu ya jeraha na kukazwa mpaka damu ikome, hata akipiga kelele kwa maumivu. Andikeni saa iliyofungwa, hata kwa kalamu kwenye paji la uso wake. Hospitali wataiuliza kabla ya jina.